Mawe ya Baba Kwenye Pipa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Adams Arcade, hapo jirani tu, kununua mkate, mama huniuliza habari za safari. Kwa hiyo baba alipotoka kliniki ya macho kule Upper Hill akiwa ameambiwa mwanga uliobaki hautakaa sana, na akasema angependa kuona samaki wa bahari tena kama enzi zake za kazi Mombasa, sikufikiria kumpeleka. Nilifikiria kumletea bahari sebuleni. Wavivu nao wana mapenzi yao.

Tangi la kioo lilipatikana upesi. Shida ilikuwa mawe. Muuza samaki wa mapambo wa Dagoretti Corner alinipa gunia la mawe ya matumbawe, makavu kama mifupa.

"Hizi zimekufa, boss. Osha vizuri, halafu weka kwa maji ya chumvi na pampu mpaka zishike uhai, vile vijidudu vya kula sumu ya maji. Ukiharakisha, samaki wanakufa."

"Muda gani?"

"Zenyewe ndio zitakwambia."

Niliyasugua, nikayalowesha, nikamwaga maji yaliyonuka, nikarudia. Kisha nikayatia kwenye pipa la veranda, kwa maji ya chumvi, pampu ikinguruma. Kila asubuhi nilichota maji kwenye kichupa na kudondosha dawa ya kupimia. Kijani, sumu bado ipo. Manjano, imeisha.

"Rangi gani leo?" baba aliuliza kutoka kitini.

"Kijani."

"Hao samaki wako wanangoja kitambulisho?"

Alikuwa akikivuta kile kiti karibu na televisheni, kila mara karibu zaidi. Baadaye akaomba redio.

Rangi ilipoanza kugeuka manjano, mifereji ya mtaa ikakauka. Siku hiyohiyo akina mama wa kanisa wakaja kumwombea baba macho. Kwetu mgeni haondoki bila chai, na maji yakikosekana, pipa lililojaa ni la kila mtu. Mimi nilikuwa nimelala mchana, kazi ninayoijua vizuri. Mama, aliyedhani mawe yale yanalowekwa tu, akachota ya chai.

Niliamshwa na mtu akikohoa sebuleni. Vikombe vilikuwa hewani, hakuna aliyemeza. Mmoja akajikaza: "Mama, hii chai yako ina... nguvu." Baba akaonja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hatukuwa tumemsikia akicheka hivyo tangu kliniki.

Mama aliona haya. Wageni walipoondoka akamwaga pipa lote, akasugua mawe kwa sabuni ya unga, akayapanga ukutani yakauke juani. Niliporudi kutoka kuwasindikiza, yalikuwa meupe pe. Uhai wote niliongoja ulikuwa umekufa.

"Si nilikuwa nakusaidia?" akasema.

Niliyasuuza mawe mpaka sabuni ikaisha. Nilianza upya.

Manjano ilipokuja ikakaa, nilipanga mawe tangini, nikanunua samaki wawili, nikamsogezea baba kiti. Alitazama kioo kwa muda mrefu.

"Wako upande gani?"

Nikamshika mkono, nikautumbukiza majini mpaka ukagusa jiwe. Alipapasa vishimo vyake polepole.

"Hili ndilo lenyewe, la Mombasa," akasema. "Sasa wewe niambie wakipita."

Basi hatimaye nimepata kazi inayonifaa: kukaa. Mama akileta chai, baba huuliza kwanza maji ni ya wapi. Kisha mimi naendelea: kushoto, juu, sasa wanarudi. Wakijificha nyuma ya mawe, namwambia bado wanapita.