Maji ya Chumvi Mbamba Bay

Utotoni nilikuwa mwongo, tena mwongo hodari. Wenzangu walijua kuruka kamba, mimi nilijua kudanganya. Nilikuwa na miaka kumi, naishi na bibi yangu mzaa baba, Leokadia, milimani kule Mbinga, kwa kuwa baba na mama walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Usianze kunionea huruma. Subiri kwanza usikie nilichofanya.

Bibi hakuzaliwa kule. Alikuwa Mnyasa, aliyeolewa na babu akiwa msichana, na hata baada ya kulima ngoro zetu, yale mashamba ya mashimo, miaka yote hiyo na kuzika mume na watoto katika udongo wetu, watu bado walimwita "yule wa ziwani." Mimi aliniita mke mwenzake, kwa utani wao mabibi, na akiniudhi nilimtishia kwamba nitamnyang'anya mume aliyekwisha kufa. Tulicheka sana mle ndani.

Darasani kwetu kulikuwa na Skola, msichana aliyeahidiwa na mama yake kwamba Krismasi atapelekwa Mbamba Bay, ziwani. Basi ikawa kero! Kila siku meli, mchanga, samaki. Asubuhi moja nikachoka, nikamwambia mbele ya darasa zima kwamba mimi nimeshafika.

"Lini?" akauliza.

"Jana. Maji yake nimeyaonja, yana chumvi mpaka ulimi unakunjamana."

Habari za chumvi nilizitoa kwenye kitabu cha shule, ukurasa wa bahari. Kwangu mimi maji mengi yote yalikuwa bahari.

"Jana si ulikuwa shule? Umekwenda na nani, kwa gari gani?"

Hapo ndipo ningesema natania, mambo yakaisha. Lakini darasa zima lilikuwa linanitazama, na mimi kutazamwa nilikupenda kuliko wali. Nikasema nimekwenda na bibi, kwa ungo. Skola akatoa macho. Mama wee, nilivyojisikia mkubwa siku ile!

Wiki chache baadaye akaugua Konradi, mtoto wa baba mdogo Oswadi. Alikuwa na miaka minne, na homa ilimpanda hata akawa hamtambui mama yake. Baba mdogo alikuwa na kahawa inaiva mitini na hakutaka kupoteza siku. Akasema itapoa. Bibi akaenda kusimama uwanjani kwake, mbele ya wachumaji wote, akamwambia mwanawe wa kumzaa, "Oswadi, huyu mtoto usipompeleka hospitali leo, Jumapili tutamzika."

Tulimzika Jumapili.

Kwetu mtu akitabiri kifo na kifo kikaja, hakuna anayeuliza alijuaje. Wanauliza alifanyaje. Na baba mdogo alihitaji mno swali hilo liulizwe, maana lile lingine, la siku tatu alizochuma kahawa mtoto akiwaka moto, hakuna baba awezaye kulala nalo. Ndipo mtu akakumbuka yale maneno yangu ya ungo.

Wakaita mganga wa kunyoa. Labda wewe hujaona kitu hicho. Anayeshukiwa anakalishwa uwanjani, ananyolewa nywele zote kwa wembe, ananyweshwa dawa, na uchawi wake unahesabiwa kuwa umeisha. Atakayekataa, au atakayesema uongo mbele ya ile dawa, eti tumbo litamvimba mpaka apasuke. Mganga huyo alikuwa kijana nadhifu wa shati jeupe, mwenye sauti ya upole. Akaniita katikati, akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, usiogope. Ulikwenda ziwani na bibi yako, au hukwenda? Kama hukwenda, kunywa hapa tuone."

Kikombe kilikuwa kimejaa kitu cheusi. Upande wa pili aliketi mama Konradi, macho yamevimba, ananyoosha mikono nikakae mapajani mwake. Kijiji kizima kilikuwa pale, wanaume wamesimama, akina mama wameketi. Na bibi kwenye kigoda, peke yake, ananitazama bila kukunja uso.

"Nilikwenda," nikasema.

"Ukaona nini?"

"Maji mengi. Nikaonja, yana chumvi."

Niliona watu wanatazamana, nikadhani wameogopa. Baba mdogo aliinamisha kichwa, akakiinua, akasema, "Mmesikia wenyewe. Mnyoeni."

Bibi alifungua mdomo kidogo. Akanitazama mimi, akakitazama kile kikombe, akaufunga. Akavua kitambaa chake mwenyewe, akakikunja vizuri, akakiweka magotini.

Walimnyoa kavukavu, bila maji. Wembe ulikuwa butu na damu ilimtiririka nyuma ya sikio. Wengine walipiga vigelegele. Mimi jioni ile nilichinjiwa jogoo kwa baba mdogo, nikahamia huko, na Skola akawa ananibebea daftari. Naungama kwamba jogoo yule alikuwa mtamu.

Kilichofuata sikukitegemea. Nilianza kuamini. Watu wazima wote walisema nimeruka, mganga alisema mtoto huwa hajui anakopelekwa akiwa usingizini, basi mimi nani nibishe? Nikawa naliota ziwa. Kila asubuhi kabla ya kunawa nilichunguza nyayo zangu kama zina mchanga. Nikamwogopa bibi. Alileta uji kwa baba mdogo, nikakataa kuugusa. Watoto walipomrushia madongoa akirudi kwake, nilirusha na mimi. Langu lilimpata begani. Hakugeuka.

Mwaka ule nilikuwa nafundishwa Komunyo ya kwanza kigangoni, kanisa letu dogo la kijijini. Katekista wetu, mwalimu Benedikto, alikuwa mzee mkali mwenye kikohozi, na wala hakuwa shujaa. Siku ya kunyoa alijifungia ndani kwake. Lakini nilikuwa sina mwingine. Nikabaki baada ya mafundisho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nini tena?"

"Mwalimu, mtu anaweza kutenda dhambi na asijue kama ameitenda?"

Alikohoa weee, halafu akanitazama. Nadhani alijua swali linatoka wapi. "Ile usiyoijua mwachie Mungu," akasema. "Wewe kuna unayoijua?"

Nilitoka mbio. Lakini njia nzima swali lile lilinifuata, maana ipo niliyoijua. Nilijua asubuhi ile darasani, kabla ya ndoto, kabla ya mganga, nilifungua mdomo nikatunga. Ile niliikumbuka vizuri, hata utamu wake. Nilisali nikiwa kwenye migomba, nikamwomba Mungu anipe njia nyingine zaidi ya kusema kweli, yoyote, hata niugue. Hakunipa. Alinipa nguvu tu, na nguvu zenyewe zilikuwa kidogo sana.

Jumapili padre hakuwepo, katekista aliongoza ibada. Tukafika kwenye sala ya Nakuungamia. Kigango kizima kikajipiga kifua: nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Baba mdogo alikuwa mstari wa mbele, anapiga kwa ngumi. Wenzangu wakanyamaza, mimi nikashindwa kunyamaza. Nikaendelea kujipiga, nalia kwa sauti, mpaka mwalimu Benedikto akasimamisha ibada.

"Sikwenda ziwani," nikasema. "Sijawahi kufika. Nilimdanganya Skola. Bibi hakunipeleka popote."

Ungetegemea nini? Kwamba walilia, wakaenda kumpigia bibi magoti? Thubutu! Mama mmoja akasema yule kikongwe amemroga mtoto abadili maneno. Mwingine akasema, "Ameshamrithisha uchawi." Baba mdogo alinishika mkono, akanitoa nje, akanipeleka nyumbani kwake, ilikokuwa dawa iliyosalia. Alininyoa mwenyewe. Nilikunywa kile kitu cheusi, nikatapika mpaka jioni, na tumbo halikuvimba. Kisha akanisukuma mlangoni na nguo zangu kwenye mfuko.

Nilikwenda kwa bibi. Sikuwa na pengine pa kwenda, na hilo nalisema ili nisijipambe. Alikuwa anapeta maharage. Nilipiga magoti mbele yake. Akaweka chini ungo, akapitisha kiganja juu ya upara wangu, halafu juu ya wake, akaanza kucheka mpaka machozi.

"Sasa mke mwenzangu tumefanana. Atatuoa nani?"

"Bibi, ulijua kwamba nadanganya?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Wangekunywesha wewe." Akachukua ungo wake. "Na bado umekunywa, mkaidi wewe."

"Ulijuaje? Mganga alisema usingizini mtu hajui anakopelekwa."

"Siku ukifika ziwani utaonja mwenyewe."

Hatukurudishiwa heshima. Tuliishi miaka minne wawili peke yetu, tukienda ibadani na kukaa benchi la nyuma ambalo hakuna aliyelikaribia. Hakuna aliyetuazima hata moto. Alipokufa, watu waliochimba kaburi waliletwa na mwalimu Benedikto kutoka kigango kingine. Baba mdogo hakuja.

Nimekuja kufika Mbamba Bay nikiwa mtu mzima, mwalimu, nimepangiwa shule huku ufukweni. Siku ya kwanza niliposhuka kwenye Hiace nilikwenda moja kwa moja majini. Akina mama walikuwa wanaosha vyombo. Mtoto mmoja alikuwa ananywa kwa viganja. Nikashangaa, nikachota, nikaonja.

Yalikuwa matamu. Maji ya kunywa kabisa, yasiyo na chumvi hata chembe.

Nilikaa chini kwenye mchanga na sketi yangu mpya. Nikamkumbuka bibi, mtoto wa maji haya, alivyofungua mdomo akaufunga. Neno moja lingemwokoa. Halafu nikaanza kuwakumbuka wengine. Wale akina mama waliopiga vigelegele walikuwa wakishuka huku ziwani kila mwaka kupitia Kingerikiti na mahindi yao, wakirudi na dagaa, na kiu ya safari yote hiyo waliikatia hapa hapa. Baba mdogo alivuta nyavu huku ujanani, miaka miwili mizima. Sikuwadanganya hata mmoja. Walitazamana, wakajua, wakamnyoa.

Nilimpigia baba mdogo simu pale pale. Siku hizi ni mzee, macho hayaoni vizuri.

"Shikamoo, baba mdogo. Maji ya Nyasa yana chumvi?"

Kisha akasema, "Mwanangu, hayo yamepita. Ukipanda huku, niletee usipa."

Usipa ndio dagaa wa huku. Nilikata simu, nikatukana kwa sauti mpaka akina mama wakageuka. Nilitaka afe na hamu yake. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile, hata kutazamwa utotoni. Nilijiambia kwamba imani yangu yote labda ilikuwa ya bibi tu, niliiazima, na sasa mwenyewe hayupo. Nikasali kama nilivyosali kwenye migomba, na kwa mara nyingine nikapewa nguvu kidogo.

Nilimnunulia usipa. Nilipanda nao Krismasi, kilo mbili, nikasaga meno kutoka Mbamba Bay hadi mlangoni kwake. Nikamkaangia mwenyewe, nikamwekea mkononi kwa kuwa hakuiona sahani. Alikula. Alipofika katikati aliacha, akashika kichwa changu chenye nywele, akakipapasa taratibu, akalia.

Nilimwacha alie. Kumfuta machozi sikuweza, na mpaka leo nikijipiga kifua kigangoni, hilo nalo nalitaja.