Nilimweka Shangazi Kwenye Tisheti

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Nikianza kujitetea mwenyewe nitaishia kuonekana mtu mzuri, na mimi si mtu mzuri. Mimi ndiye niliyemchora shangazi yangu na kumuuza mtandaoni kama nyanya za sokoni!

Shangazi huyu ni dada ya marehemu baba. Alinilea huku Navakholo tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, akanisomesha kwa miwa yake. Nilipomaliza chuo nikakosa kazi, nilirudi kwake na simu, kalamu ya kuchorea kwenye kioo, na kiburi cha kutosha kaunti nzima.

Kisha nikaona video ya kijana akieleza kwamba unaweza kuchora kwa simu, ukapandisha michoro kwenye tovuti, nao wenye tovuti wakaichapisha kwenye tisheti na vikombe, wewe ukapata fungu lako. Basi! Siku hiyo hiyo nikajiita Mfalme Pikseli. Nyumbani nikakataa kuitika jina langu. Wengine wakienda kupalilia mahindi, mimi nasema niko kwa mkutano na wateja wa ng'ambo.

"Hiyo kazi ya kukwaruza kioo itakuleteanga nini?" shangazi aliuliza. Lakini chai aliniletea chumbani, Mfalme asisumbuke.

Wateja wenyewe walikuwa wapi? Nilichora simba mwenye taji. Nikachora simba mwenye miwani. Mnunuzi alikuwa mmoja, naye alikuwa mimi, kwa akaunti yenye jina la kike!

Ndipo mwalimu mmoja wa video akasema: chora unachokijua. Na mimi nilijua nini kama si shangazi? Nikampiga picha kisirisiri akifukuza kuku jikoni. Kitambaa kimeenda upande, mwiko juu, mdomo wazi, pengo la mbele linaonekana. Nikachora. Pengo nikalipanua, pua nikaiongeza, maana mteja anapenda chumvi. Chini nikaandika maneno anayowaambianga wale kuku: KWANI UNALIPANGA KODI HAPA?

Kumwomba ruhusa? Nilijiambia, huyu hata intaneti haijui.

Jameni, tisheti ikanunuliwa! Watu wa Nairobi, watu wa Eldoret, hata watu wasiojua Kiswahili. Nikamletea shangazi sukari na mafuta ya kujipaka. Kanisani akasimama akashukuru, "Mungu abariki mikono ya mtoto wangu." Nikajibu amina, tena kwa sauti!

Haikukawia, wajanja wakaiba mchoro wakaanza kuuza stika. Niliwaka moto! Nikaandika mtandaoni: "Hamna haya? Mnachukuaje kitu cha mtu bila kumuuliza?" Niliandika hayo nikiwa nimekaa kando ya shangazi, yeye akichambua maharagwe.

Ikafika siku ya mahari ya binamu yangu Nekesa, binti ya shangazi. Wakwe walitoka Mautuma, watu wa heshima, wazee ndani ya suti. Ingokho ipo, kuku wa heshima ya wageni, obusuma upo, ugali wetu wa kushiba, maneno yanaenda vizuri. Jua lilipozidi, mdogo wake bwana harusi akavua koti.

Alikuwa amemvaa shangazi kifuani.

Na ndipo shangazi mwenyewe anatoka jikoni na leso mpya, kuja kusalimia wakwe. Akasimama. Uso ukatazamana na uso.

Mzee mmoja wa kwao akashindwa kujizuia. "Kumbe mama mkwe tumekuwa tukimvaanga na hatujui!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mpaka watu wetu!

"Nani alichora hii?" shangazi aliuliza polepole.

"Simjui, mama," kijana alijibu, ameshaanza kufunika kifua kwa koti. "Nilinunua kwa mtandao. Jina lake iko hapa chini. Mfalme Pikseli."

Hakuna aliyeuliza huyo ni nani. Si nilikuwa nimelazimisha ukoo wote kuniita hivyo? Vichwa viligeuka kwangu kimoja baada ya kingine. Shangazi akaingia ndani akafunga mlango, na mazungumzo yakafia hapo. Nekesa hakunitukana. Alikaa tu chini, kwenye vumbi, na gauni lake jipya.

Jioni nilipiga magoti mlangoni kwa shangazi. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa mwiko. Akafungua kidogo, akaniangalia.

"Ungeniambia tu, mwanangu," alisema. "Ningefunga kitambaa vizuri."

Woiye! Heri angenichapa.

Niliufuta mchoro kwenye tovuti, lakini nakala za wale wezi zinazunguka. Juzi nimeuona kwenye kioo cha gari pale Lubao. Wakwe walirudi baadaye, tukaomba msamaha, Nekesa akaolewa. Lakini tazama picha za harusi: katika kila moja shangazi ameziba mdomo kwa kiganja. Mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini!

Wewe unayeanza kazi hii leo, chora, sikukatazi. Ila kabla hujamuuza mtu, mwonyeshe kwanza ajione. Akikataa, futa. Mchoro unafutika kwa kidole kimoja. Kitufe cha kufuta aibu uliyomtia mtu, mimi nakitafuta mpaka leo na sijakiona.