Kipande cha Paa Juu ya Mama

Watu waliozaliwa chini ya bati hawajui walivyopona. Sisi wa tembe, kila kiangazi kikikaribia kwisha, vumbi la Gulwe likianza kuingia mpaka kwenye ugali, tulijua kero yetu imefika: paa. Paa la tembe ni bapa. Boriti zinalala juu ya nguzo, juu ya boriti fito, juu ya fito matawi na nyasi, halafu unashindilia udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe. Jua likiuwakia kwa miezi udongo unapasuka, mchwa nao wanakula boriti kwa raha zao, na usipoziba kabla ya mvua ya kwanza utalala umekaa. Kila mwaka! Hakuna mwaka ambao nyumba ile ilituambia basi, safari hii pumzikeni.

Na si paa peke yake. Uzio wa miiba wa bustani ya maboga nyuma ya nyumba ulikuwa umelalia upande mmoja, mbuzi wanaingia kama kwao. Ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Lakini hayo ningeweza mwenyewe, na niliyafanya, mwiba kwa mwiba, vidole vimevimba. Paa ni kazi ya wanaume. Wanawake tunachota maji, tunachimba udongo, tunakanda kwa miguu, tunawapandishia kwenye vikapu, wao wako juu wanashindilia na kutoa amri.

Kawaida ungepika pombe ya uwele, majirani wakaja, kufikia jioni paa limekwisha na watu wanaimba. Lakini mwaka ule uwele ulikuwa wa kuchungulia ghalani kwa jicho moja. Ningepika pombe kwa kitu gani? Kwa mate? Na hata ningepika, angekuja nani? Mdachi alitaka barabara ya kwenda boma isafishwe, jumbe akapita na askari, akakusanya wanaume wote wenye miguu. Mume wangu aliachwa kwa sababu alikuwa ametoka kwenye kazi ya reli majuzi tu, bado anakohoa vumbi la mawe. Nikafurahi. Nikasema, angalau nina mwanamume mmoja wa kupanda juu. Lo, furaha ya bure ile!

Mama yangu alikuwa anakaa kwangu. Baba alishakufa, macho yake mama yalikuwa yamefifia, na goti moja lilikuwa likimvimba likijisikia. Kwa desturi angekaa kwa kaka yangu mkubwa, kule Mlali, na mwanzoni alikaa huko. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekaa pembeni mwa jiko, hasemeshwi na mtu, anapewa makoko ya ugali baada ya watoto kushiba. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Sikuomba ruhusa, nilimchukua. Kaka alifura. Mama wa mtu mzima kulishwa na mkwe, watu watasemaje? Lakini mke wake alishukuru, kwa hiyo kaka akanyamaza.

Akanyamaza mpaka kiangazi hicho, alipopita kwangu akienda kutafuta chumvi. Aliingia kumsalimia mama, akainua uso, akaona ufa juu ya ngozi yake ya kulalia.

"Mvua ikimnyeshea mama humu ndani," akaniambia, "nakuja na punda namchukua. Na safari hii sitaki kusikia kilio cha mtu."

Sasa mnaelewa nilivyokuwa. Nilikuwa na ufa mmoja wa kuziba, udongo bure, maji kisimani, mume mzima. Kazi ya siku moja. Mama abaki, yaishe.

Nilipomwambia mume wangu, alitazama chini.

"Pale siwezi kupanda," akasema.

"Kwa nini huwezi?"

"Mama yuko chini yake."

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaitani, hawali pamoja. Mume wangu alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake ilikuwa inanitoa roho. Kabla ya kupinda kona ya nyumba alikohoa, mama akajifunika. Mama akitaka kutoka alikohoa yeye, mume wangu akageukia ukuta. Nyumba nzima kukohoa tu, mgeni angedhani tuna kifua kikuu. Maneno yao yote yalipita kwangu, hata kama wamekaa upande huu na huu wa ukuta mmoja na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie mumeo ng'ombe mweusi anachechemea," mama angesema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini.

"Mwambie mama nimemwona," mume wangu angejibu kutoka zizini.

Na mimi nimesimama katikati na mwiko wangu. Nilipoacha kurudia maneno, kwa kuwa yamekwisha kusikika, wote wawili walinikasirikia.

Sasa mtu ambaye hathubutu kumtazama mkwe wake usoni, atamkanyagaje kichwani? Ndivyo alivyoniuliza. Nikamwambia, humkanyagi kichwani, unakanyaga udongo. Akasema ni yaleyale. Nikaenda kwa mama. Mama, nikamwambia, toka nje siku moja tu, ukae kivulini, paa litengenezwe.

"Nitoke nikae wapi?" akasema. "Yeye yuko juu, kanguo kake kafupi, mimi niko chini. Nikiinua uso nimwone mapaja? Mwambie mumeo hilo halipo."

"Mama, macho yenyewe hayaoni!"

"Mapaja nitayaona."

Nikasema basi nitakupeleka kwa jirani. Goti likavimba siku hiyohiyo, kana kwamba limesikia. Hawezi kusimama, lazima abebwe, na mwanamume wa kumbeba kijiji kizima alikuwa ni huyohuyo. Nikasema basi nitapanda mimi. Hapo ndipo walipokubaliana kwa mara ya kwanza, mmoja ndani, mwingine nje, wote wakanipigia kelele. Mwanamke akipanda juu ya nyumba wakati mumewe yu hai, anamtangazia kifo. Sawa, nikasema, sipandi. Tufe wote kwa heshima.

Nilimnunia mume wangu mpaka akaona ugali umeanza kuwa mbichi. Ndipo akaja na akili yake. Aliniambia niingie chumbani kwa mama na mchi, nigonge paa kutoka chini, nizungukie pale anapolala, ili yeye akiwa juu ajue mpaka uko wapi. Nikagonga, vumbi linanidondokea machoni, mama amejifunika gubigubi ananung'unika. Juu nikamsikia mume wangu anachora mstari kwa kijiti. Kisha akafanya kazi, na haki ya Mungu alifanya kazi. Nilimpandishia udongo kwa vikapu mpaka mgongo ulikuwa unataka kukatika. Alishindilia, akalainisha kwa kiganja, akanyanyua paa lote likawa nene kama lile la mwaka tulipooana. Lote, isipokuwa kile kipande cha juu ya mama.

Aliposhuka alikuwa anatabasamu.

"Umeona?" akasema. "Pembeni pote pameshikamana. Ule ufa wenyewe ni mdogo tu."

Sikuwa nimepanda, kwa hiyo sikuona. Lakini nilianza kufikiri vizuri. Kama paa lote limenyanyuliwa na kipande kile kimebaki chini, maji ya paa lote yatakwenda wapi? Nikamuuliza. Akakuna kichwa.

"Mwambie mama," akasema, "asogee kidogo."

Mwambie mama! Nilitupa kikapu. Nilimwambia yeye na heshima yake wamechimba bakuli juu ya kichwa cha mama yangu, na kwamba punda wa Mlali pengine ameshafungwa kamba. Mama naye, kusogea alikataa. Kusogea ni kuingia upande wa chumba chetu, kulala ukuta mmoja na mkwe. Afadhali mvua, akasema. Jamani, mtu anaweza kupasuka kwa hasira? Kama ingewezekana, ningepasuka siku ile.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, jua likiwa bado linawaka upande mmoja. Haikuanza kwa kudondoka, ilimwagwa. Mume wangu alikuwa zizini anaswaga ndama ndani. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia mlio wa kitu kinachotatuka. Nikakimbia.

Chumbani kwa mama maji yalikuwa yanashuka kwa mkondo, na boriti ya katikati, ile ambayo mchwa walikuwa wameila tangu lini sijui, ilikuwa imepinda kuelekea chini. Juu yake bwawa zima. Mama amekaa kwenye ngozi yake, shuka limemganda mwilini. Nilimshika kwapani nikavuta, hakwenda. Nikaiinua boriti kwa mabega, ikanisukuma chini. Nikapiga yowe.

Mume wangu alifika mlangoni, akasimama. Amegeuka! Mgongo kwetu, uso kwenye mvua.

"Mwambie mama ajifunike!" akapaza sauti.

"Mwambie asiingie, shuka limeloa!" mama akasema.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Nyamazeni wote wawili! Boriti inakatika!"

Na aliingia. Aliingia kinyumenyume, haki, kama ng'ombe anayekataa kuuzwa, anapapasa ukuta kwa mikono, mpaka bega lake likafika chini ya boriti, upande wa mlangoni. Akaipokea. Niliona mishipa ya shingo ikimtoka. Uso wake ulikuwa ukutani, macho ameyafumba.

"Mtoe," akasema. Alikuwa ananiambia mimi.

Nikavuta ngozi na mama juu yake, ikateleza kwenye matope. Lakini mlango ulikuwa na kizingiti, na pale mama alihitaji kusimama. Alipapasa hewani akitafuta cha kushika, mkono wangu mmoja umemzunguka, mwingine unavuta. Kilichokuwa karibu ni mguu wa mume wangu. Akaushika gotini, akajivuta, akasimama.

Mume wangu alikaza bega. Hakuachia boriti, wala hakufumbua macho. Mama akapita chini ya kwapa lake, nikamtoa nje, nikaita "Tayari!" Mume wangu akaruka nje. Paa la kipande kile likashuka nyuma yake na udongo, maji, fito na mchwa wao.

Tukasimama sote watatu ukutani, mvua inatupiga. Hakuna aliyekohoa. Mume wangu amegeukia huku, mama amegeukia kule, na mimi niliyezoea kupeleka maneno sikuwa na neno la kupeleka. Moyoni nilisema, basi. Mvua imemnyeshea. Na amemshika mkwe mwilini. Hata kaka asipokuja, atataka kuondoka mwenyewe kwa aibu.

Nilimlaza chumbani kwetu. Hakukataa, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Mume wangu alihamia zizini na ndama. Mama alikuwa anakula kidogo, hasemi, hata "mwambie mumeo" sikuisikia tena, na nyumba ilinyamaza mpaka nikaitamani kero yake. Nilikuwa nalia nikipika mlenda, nasingizia moshi.

Habari hazikawii. Kaka akaja na punda, ameshamtandikia ngozi mgongoni. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba anakanda udongo kwa miguu, akamwona, akageuza mgongo akaendelea kukanda. Mama nilikuwa nimemtoa kuota jua kwenye ukuta huohuo wa nyuma. Kaka hata salamu hakuimaliza.

"Nilisema. Sikusema? Mama, inuka, twende."

Mama hakuinuka. Aligeuza uso taratibu, akausikiliza udongo unavyofyonza miguu, na sikumwona akivuta shuka.

"Baba," akaita.

"Naam, mama," kaka akajibu.

"Si wewe. Namwita huyo anayekanda."

Miguu ilisimama.

"Boriti utakayoleta," mama akasema, "ikate kwenye mti mgumu, siyo kale kalaini kanakopendwa na mchwa. Na safari hii upande juu ushindilie kote. Nitakuwa ndani."

Mume wangu alikuwa bado ametupa mgongo, matope mpaka magotini.

"Nimesikia, mama," akasema.

Kaka alitutazama mmoja mmoja, mkono kwenye kamba ya punda. Mama akanigeukia mimi, uso wake hauna mzaha wowote.

"Mwambie kaka yako," akasema, "amnyweshe punda wake maji kabla hajarudi Mlali."

Kaka alikuwa amesimama mbele yake, angemfikia kwa mkono. Nikamwambia.