Nilichomwambia Kukhu Kuhusu Macho Yake

Jumanne, tarehe tatu mwezi wa sita mwaka huu, nilimpoteza mama. Alikufa saa nne asubuhi katika wodi ya wanawake, mimi nikiwa kwenye foleni ya dawa. Niliporudi na karatasi mkononi nilikuta kitanda chake kimezungushiwa pazia, na muuguzi akaniambia nikae kwanza. Nilikaa. Sikulia siku hiyo na mpaka leo sijalia, na baadhi ya watu wa kanisa wameanza kuniangalia kama mtu anayeficha kitu. Sifichi. Ni kwamba ndani yangu kumekuwa kimya, kama nyumba ambayo watu wametoka wote wakaacha mlango wazi. Mama alikuwa mtu wa mwisho katika jamaa yetu aliyejua nilichomfanyia nyanya yangu nilipokuwa na miaka kumi. Kwa kuwa sasa kwetu hakuna mwingine anayejua, nimeona nikiandike kama kilivyokuwa. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitasema tu kilichotokea.

Msimu ule ninaukumbuka kwa harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Ziwani, chumba kimoja katika zile nyumba za kaunsili ya jiji zilizopangwa mistari, mfereji mmoja wa maji kwa watu wengi na kamba za nguo kila mahali. Mama alikuwa anafagia ofisi za reli, akitoka kabla jua halijachomoza. Nyanya yangu, ambaye sisi watu wa Bungoma tunamwita Kukhu, aliletwa Nairobi mwaka ule kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na hakuweza tena kulima peke yake. Ilikuwa ile miezi ya baridi, mbingu ya kijivu kutwa nzima, nguo hazikauki. Kanisa letu lilikuwa la watu wa kanzu nyeupe, na kanzu ya Kukhu niliifua mimi kila Alhamisi kwa sabuni ya mche, nikaitia bluu kidogo ya kung'arisha weupe, kisha nikaipiga pasi ikiwa bado haijakauka vizuri. Mvuke ulikuwa unanipanda usoni ukiwa na harufu ya sabuni na moshi. Kukhu alikaa kando yangu akipapasa mikono ya kanzu kwa vidole, na akipata mkunjo aliniambia nirudie. Macho yalikuwa yamefifia lakini vidole vyake havikusamehe kitu.

Katika kanisa lile tulifundishwa jambo moja mara nyingi sana, kwa sababu wengi waliokuja walikuwa wazee. Tuliambiwa kwamba mwili huu wa nje unachakaa, hakuna wa kuuzuia, lakini kwa mtu aliyeshika imani kuna mtu mwingine ndani anayefanywa upya kila siku, na siku ya mwisho ndiye atakayesimama. Mimi nilikuwa mtoto na nililipokea jambo hilo kama lilivyosemwa. Kukhu naye, nadhani, alilipokea vivyo hivyo. Jumapili moja mzee wa kanisa alimwekea mikono machoni akaomba kwa muda mrefu, akamwambia kazi ya kufanywa upya imeanza. Kukhu alirudi nyumbani ameshika bega langu, na tulipofika kwenye mfereji akasimama.

"Nafula," alisema, "mama yako hana nafasi asubuhi. Wewe ndiye utakuwa unaniangalia. Kukicha tu, unaniangalia macho, unaniambia kama ule weupe umepungua."

"Kama haujapungua?"

"Unaniambia pia. Mimi si mtoto."

Basi nikaanza. Kila asubuhi kabla ya shule alikaa mlangoni, penye mwanga, akainua uso. Nilimshika kidevu kama nilivyomwona mzee wa kanisa akifanya. Kulikuwa na doa katikati ya jicho la kulia, jeupe kama tone la maziwa, na la kushoto lilikuwa na ukungu mzima. Siku ya kwanza nilimwambia, "Ni vilevile, Kukhu." Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, ya nne. Aliitikia "Haya" na kuingia ndani, na siku nzima hakusema mengi. Siku ya tano nilichoka na ule ukimya. Nilisema, "Imepungua kidogo." Aliniuliza upande gani. Nikasema wa kulia. Siku hiyo aliimba. Aliimba akichambua mboga, akaimba nikitoka na nikirudi, na jioni alimwambia mama kwamba Mungu wa kwao amemfuata mpaka Ziwani. Mama alifurahi, akanitazama, akasema, "Kweli?" Nikasema kweli. Tangu siku hiyo doa likawa linapungua kila asubuhi, mdomoni mwangu.

Sitaki kujitetea kwamba nilikuwa mdogo. Nilijua ninachofanya. Nilijua pia kwamba nilikuwa napenda kuwa mtu anayeleta habari njema. Nimewahi kujiambia kwamba nilidhani nikisema vya kutosha itakuwa hivyo, lakini fikira hiyo ilikuja baadaye, kama kisingizio.

Karibu na mwisho wa mwezi wa saba madaktari wa macho walikuja katika jumba la jamii kule Shauri Moyo. Walipasua bila malipo, lakini watu walikuwa wengi na kila mtu alipewa kadi yenye nambari. Mama aliomba ruhusa kazini, akapanga foleni nusu siku, akapata kadi moja ya Kukhu. Ilikuwa ya Alhamisi. Jumatano asubuhi Kukhu alikaa mlangoni kama kawaida, kadi ikiwa mapajani.

"Leo uangalie vizuri," alisema. "Kama inapungua, hii kadi nampa mtu mwingine. Haifai kumnyima mtu jicho kwa kitu ambacho Mungu ananifanyia tayari. Kama haipungui, kesho naenda kupasuliwa. Mimi siogopi kisu. Niambie tu."

Niliangalia. Doa lilikuwa pale, na nadhani lilikuwa limekua. Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, wanawake walikuwa kwenye mfereji, hakuna aliyekuwa ananitisha. Lakini kusema haipungui ilikuwa ni kusema pia kwamba wiki tatu nzima nilikuwa nadanganya.

"Inapungua, Kukhu. Karibu iishe."

Alinipapasa kichwa. Kisha akaniambia nimpeleke kwa Mzee Kariuki, jirani yetu wa nyumba ya pili, fundi wa mabati aliyekuwa anatengeneza majiko na masanduku katika soko la Gikomba. Alikuwa ameacha kwenda kazini kwa sababu macho yake nayo yalikuwa na ukungu na alikuwa anajipiga vidole kwa nyundo. Kukhu alimpa kadi. Mzee alikataa mara mbili, ya tatu akaipokea kwa mikono yote miwili. Mama aliporudi jioni na kusikia, aliniuliza tena kama ni kweli. Nikasema tena ni kweli.

Wiki mbili baadaye Mzee Kariuki alitolewa bandeji, akaja kwetu bila fimbo. Alisimama mbele ya Kukhu akiwa ameweka mikono kiunoni.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miezi hii yote nimekuwa nikisalimia msichana, kumbe ni bibi kizee hivi?"

"Na mimi nilifikiri nina jirani wa maana," Kukhu alijibu. "Shukuru Mungu sikuoni bado."

"Ukianza kuona utahama."

"Nikianza kuona, wewe ndiye utahama."

Walicheka mpaka Mzee akashika ukuta. Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini macho yake yanaendeleaje, na Kukhu akasema, "Yanakuja. Huyu mtoto ananiangalilia." Mzee Kariuki akageuka akanitazama kwa macho yake mapya, machozi yakiwa yanamtoka kwa sababu ya mwanga. Niliingia ndani nikaanza kupanga sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa.

Katika kanisa letu kulikuwa na desturi ya Ijumaa alasiri. Kabla ya kuingia kuomba, tulivua viatu mlangoni, na kila mmoja kwa zamu aligeukia wenzake na kusema kosa alilofanya wiki ile. Hata watoto, tukishatimiza miaka kumi. Wengi wetu tulisema tumeiba sukari. Mzee wa kanisa aliitikia, "Bwana amesikia," ngoma inapigwa mara moja, unaingia. Ijumaa tatu baada ya kadi ile nilisema nimeiba sukari, na sikuwa nimeiba sukari. Ijumaa ya nne nilisimama pale miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi, Kukhu akiwa mstari wa mbele katika kanzu niliyoipiga pasi mwenyewe, na mama nyuma yake. Nilisema, "Nilimwambia Kukhu macho yake yanapona. Hayaponi. Niliona hayaponi hata ile siku ya kadi."

Hakuna aliyeitikia. Mpiga ngoma alimtazama mzee wa kanisa, naye mzee alitazama chini. Nilingoja kupigwa, au kuambiwa nitoke. Mwishowe Kukhu ndiye aliyesema, bila kuinuka, "Bwana amesikia. Ingia." Ngoma ikapigwa, nikaingia.

Mama hakunipiga. Tulipofika nyumbani alinikalisha kitandani akaniambia, "Kuanzia leo utasema unachokiona tu. Hata kikiwa kibaya. Na usichokiona, usikiseme." Hakulitaja jambo lile tena, wala kwangu wala kwa mtu mwingine. Kukhu hakusema nami siku tatu. Siku ya nne alikaa mlangoni, akainua uso kama zamani.

"Haya, sema."

"Doa ni kubwa, Kukhu. La kushoto ni jeupe lote. Na hapa chini ya jicho pamevimba."

"Na nywele?"

"Zimekuwa nyeupe zote. Huku nyuma zimepungua."

"Sawa," alisema. "Ya nje basi tumeyajua."

Madaktari wale walikuwa wameshaondoka. Mama alimpeleka hospitali kubwa, wakazungushwa miezi mingi, na mwishowe daktari akasema mshipa wa jicho la kushoto ulikuwa umeharibika zamani, kisu kisingesaidia. La kulia nalo alisema tumechelewa; hakusema kama lingesaidika mapema, na mama hakuuliza. Nafikiri hakuuliza kwa ajili yangu. Kukhu aliishi miaka miwili na nusu zaidi, kipofu. Watu wamewahi kuniambia kwamba upofu ulimfanya mtakatifu. Mimi siwezi kusema hivyo. Alikuwa mkali kama awali kuhusu mikunjo ya kanzu. Alilalamika juu ya chai. Nilichokiona ni hiki: hakunikumbusha kosa langu hata siku moja, hata tulipogombana, hata alipojikwaa kwenye ndoo niliyoiacha njiani akaumia goti. Kukhu niliyemjua alipokuja kutoka Bungoma angenikumbusha. Kama huyu asiyenikumbusha ndiye yule mtu mpya wa ndani tuliyekuwa tunaambiwa, sijui. Naandika tu kwamba nilitafuta macho yakibadilika na hayakubadilika, na kitu hiki kilibadilika.

Sasa mimi nina miaka hamsini na saba. Nafanya kibarua katika kiwanda cha plastiki, naishi Mukuru kwa Njenga, na mama alikuwa kwangu miaka sita ya mwisho. Alizeeka vibaya: miguu, figo, kisha kumbukumbu. Siku akili ilipokuwa safi alikuwa na utani. "Mwili huu ni nyumba ya kaunsili," aliniambia nikimwogesha. "Kila kitu kinavuja na hakuna anayekuja kurekebisha." Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema, "Naogopa maumivu. Kuhama siogopi." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya unga, na nilimwonea wivu. Msimu ule wa Ziwani nilikuwa mwepesi wa kusema, nikasema nisichokiona. Tangu hapo nimekuwa mwoga upande wa pili. Nimeimba nyimbo za ufufuo miaka arobaini na saba, lakini mtu akiniuliza uso kwa uso kama naamini, ulimi unakuwa mzito.

Siku mbili kabla ya mazishi mchungaji alikuja kupanga ratiba. Ni kijana mzuri, alimtembelea mama mara nyingi. Alisema mimi, kama mtoto wa pekee, nitatoa ushuhuda, na akaniomba niwahakikishie watu kwamba mama sasa amevaa mwili mpya. "Watapata nguvu wakisikia kutoka kwako," alisema. Nikamwambia nitasema nilichokiona. Akanitazama. "Dada, si unaamini?" Nikaichukua ile ratiba nikaisoma, na yeye kwa wema wake hakurudia.

Jumamosi kanisa lilijaa. Nilipoitwa nilisimama mbele, nikashika meza. Nilisema mama alifagia ofisi za watu miaka thelathini na mmoja. Nilisema miguu yake ilivimba, na mwishoni aliniita kwa jina la mama yake. Nilisema sikuona mwili mpya, niliona wa zamani ukiisha. Mchungaji akainamisha kichwa. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, kwa sababu hapo ndipo macho yangu yalipoishia. Lakini nilikuwa bado nimesimama, na nikajua kuna neno moja zaidi ambalo lisingekuwa uongo. Nikasema, "Aliniambia anahama. Mimi sijaiona nyumba anayohamia. Nangoja."

Nikarudi kwenye benchi. Kwaya ikaanza, nami sikuimba. Baada ya kurudi kutoka makaburini, mwanamke mmoja aliyekuwa akisaidia jikoni, nisiyemjua jina, aliniletea kikombe cha chai na kipande cha mkate, akakaa kando yangu bila kunipa pole. Nilikunywa yote. Akaniuliza kama naongeza, nikampa kikombe.