Bakimya Nyuma ya Sayari

Séphora Kavugho alikuwa mwalimu wa informatique, somo la kompyuta, katika shule moja ya sekondari ya Butembo, na kwa miaka mitatu alikuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta ambao hakuna aliyemwomba autengeneze. Shuleni alifundisha darasa la wanafunzi hamsini kwa mashine sita. Nyumbani aliwasha kompyuta yake kwa umeme wa jua, kwenye meza ya karibu na dirisha, akaingia angani. Katika mchezo huo mtu hupewa chombo kidogo na tangi la mafuta, kisha anaachwa aende anakotaka: sayari za mawe, sayari za barafu, nyingine zenye misitu ya rangi ya zambarau. Anatua, anazunguka, anaokota jiwe moja la kumbukumbu, anaruka tena.

Mtu wa kwanza kuupenda alikuwa kaka yake mkubwa, Phinées.

Phinées alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka kumi na moja alibeba kakao kutoka upande wa juu wa Mavivi, kule nje ya Beni, hadi kwenye maghala ya Butembo. Miaka miwili nyuma, watu wa porini wenye bunduki walilivamia lori lake mbele kidogo ya Mavivi. Yeye alirudi kwa miguu, bila kiatu kimoja. Delphin, convoyeur wake, aliyepanga mizigo na kusukuma mawe chini ya magurudumu kwenye miinuko tangu siku ya kwanza ya kazi, hakurudi. Familia ilijua hayo tu, maana Phinées hakuongeza neno. Alihamia kwa dada yake, akachagua kiti kilichotazama mlango, akakaa.

Séphora alimpa mchezo ili mikono yake ipate kazi. Wiki ya pili alimkuta ametua kwenye sayari ya barafu, anatabasamu peke yake.

"Huku hakuna barrière," alisema. "Hakuna wa kukuuliza papier."

Ulikuwa mzaha wa dereva aliyechoshwa na vizuizi vya njiani, na ilikuwa mara ya kwanza aseme kitu cha kuchekesha tangu arudi.

Aliyeleta habari ya maadui ni Aruna, rafiki yao, mfanyabiashara wa simu aliyepita kati ya Butembo na Beni kwa pikipiki yake mwenyewe. Alicheza nusu saa, akapiga mwayo. "Dada Séphora, jeu ya bila adui, batu batalala," alisema. Séphora aliona ni kweli. Ndipo akabuni vikosi vya vyombo visivyo na rubani. Kwa mujibu wa mchezo, zamani watu wa angani walivitengeneza vilinde sayari zao, wakavipa akili ya mashine ili viamue vyenyewe vimfuate nani na vimpige wapi. Watu wale wakaisha. Vyombo vikabaki, na hakukuwa tena na mtu wa kuviambia viache.

Mara ya kwanza alivitengeneza na taa nyekundu na ving'ora. Phinées alivitazama vikimkimbilia, akatikisa kichwa.

"Hawa banaenda ku ndoa," alisema.

Séphora alicheka. Phinées hakucheka. Aliendelea kuongea, macho kwenye skrini, kwa sauti ile ile.

"Adui wa kweli hapigake kelele. Anaachaka gari ya kwanza inapita. Anangojea ya pili, juu ile ya pili imeona ya kwanza imepita, imesha kutulia. Na ukimusemesha anakuangalia kama vile hauseme kitu. Nilimusemesha na Kinande, na Kiswahili, na Lingala. Alikuwa ananiangalia tu."

Hapo ndipo Séphora alipopaswa asogeze kiti, amshike kaka yake mkono, asikilize mpaka mwisho. Baadaye alijilaumu sana kwa dakika ile. Alichofanya ni kuchukua kalamu na kuandika.

Siku tano alikaa akiviandika upya vile vikosi. Alizima taa. Alitoa ving'ora. Aliviacha vimruhusu msafiri apite mara moja, mbili, kabla ya kumfunga njia. Ujumbe wowote ambao mchezaji alivitumia haukujibiwa. Akavipa jina, Bakimya, yaani walio kimya. Kisha akaongeza jambo moja aliloliona la kiufundi tu: aliviwekea kumbukumbu. Kila mchezaji alipokimbia na kujificha, Bakimya walihesabu ni mahali gani, na hesabu ya mahali pamoja ikishakuwa kubwa, safari nyingine walianzia huko. Aliwagawia mchezo Aruna na walimu wenzake watatu, na Phinées akabaki na wake kwenye meza ya dirishani.

Jumanne saa tisa mchana, Séphora alikuwa anasahihisha madaftari, Phinées anacheza. Bakimya walimtokea kutoka pande mbili. Phinées hakubabaika. Aligeuza chombo, akakishusha upande wa nyuma wa sayari kubwa ya njano, kwenye kivuli chake, mahali alipozoea kujificha siku zote.

Walikuwa huko tayari. Vyombo vinne vimepangwa ndani ya kivuli, injini zimezimwa, pua zimemwelekea.

Phinées hakupiga kelele. Aliinua mikono yake juu ya kibodi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Banajuaje?" aliuliza.

"Yaya," Séphora alimwambia, kwa jina la heshima la kaka mkubwa, "ni machine. Haijue kitu. Inahesabu tu fasi unaendaka, kila fasi unajifichaka."

"Nani alibaambia tutakuya huku?"

Alikuwa amesema *tutakuya*, tutakuja, kama watu wawili. Séphora alilisikia neno hilo, hakujua alifanyie nini. Phinées alitoka, akaenda kukaa chini nyuma ya jiko, mgongo ukutani, akakataa chakula. Alikaa hapo mpaka jua likazama. Asubuhi Séphora alipoamka, kitanda cha kaka yake kilikuwa kimetandikwa na simu yake imeachwa juu ya mto.

Alimtafuta kanisani, sokoni, kwenye gereji ya marafiki zake wa zamani. Ilikuwa karibu saa nne alipofika kwa Aruna, na Aruna aliyekuwa anafunga mzigo akasimama.

"Nimemuona na asubui. Alipanda moto, pikipiki ya kwenda Beni. Nilifikiri unajua."

Tangu siku ya lori, Phinées hakuwa ameikanyaga barabara ile. Séphora naye hakuwa ameikanyaga. Alipanda nyuma ya Aruna bila kufikiri, na walipokiacha kijiji cha Maboya nyuma ndipo mawazo yalipomfikia, na pamoja nayo hofu.

Barabara ilikuwa nzuri, jua linawaka, mashamba ya kahawa kushoto na kulia. Walikwenda dakika kumi, kisha Aruna akapunguza mwendo. Akapunguza tena.

"Kuko nini?" Séphora aliuliza.

"Hakuna moto inatoka mbele," alisema Aruna. "Tangu Maboya, hata moja."

Kila mtu wa barabara ile anajua maana yake. Magari yasipotoka mbele, kuna kinachoyazuia. Aruna alisimama, akaacha injini ikinguruma. Hakukuwa na mwanamke mwenye mzigo wala mtoto mwenye mbuzi. Nyuma yao pia palikuwa patupu, na Séphora alikumbuka kwamba pikipiki moja iliwapita muda mfupi uliopita, ikapotea kwenye kona. Ile ya kwanza. Wao walikuwa wa pili.

Kando ya barabara, hatua thelathini hivi, palikuwa na nyumba ya udongo iliyohamwa, paa limeingia ndani nusu, na migomba imeota mlangoni.

"Tuingize moto kule nyuma," Aruna alinong'ona. "Tungojee, tusikilize."

Alikuwa ameshaanza kugeuza usukani. Séphora alimkamata bega kwa mikono miwili.

"Hapana kule."

"Juu ya nini?"

"Kila mutu angeenda kule."

Aruna aliitazama nyumba. Uso wake ukabadilika, na Séphora aliona kuwa naye alikuwa amecheza mchezo ule wiki nzima. Hawakuhitaji kuelezana. Walibaki pale pale katikati ya barabara, peupe, ambapo mtu yeyote angeweza kuwaona, mguu wa Aruna kwenye gia, Séphora ameitazama nyumba ile bila kupepesa. Majani ya ndizi yalitikisika. Labda upepo. Alitaka kusali na hakupata neno la kuanzia. Alichokiona kichwani ni safu za maandishi aliyoyaandika kwa mkono wake, usiseme, usijibu, ngoja.

Walikaa hivyo robo saa, au zaidi. Kisha ukasikika muungurumo kutoka mbele, na kwenye kona likatokea lori la mbao, nyuma yake pikipiki saba au nane zinapiga honi. Lori lilikuwa limekwama likifunga njia, mwendesha pikipiki wa kwanza akawaambia alipopita, ndilo jambo lenyewe. Aruna alicheka hadi akakohoa. Séphora hakucheka. Walipoipita ile nyumba aligeuza uso wake pembeni ili asiione ndani, na kama kulikuwa na mtu au hapakuwa, hakujua na hajui mpaka leo.

Beni waliuliza kwenye gereji mbili, na kwenye ya pili mtu akawaambia Phinées aliulizia njia ya mtaa wa Mulekera, kwa mjane wa Delphin. Walimkuta huko. Virginie, ambaye watu walimwita Mama Tamar kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa ameketi uani mbele ya bâche, turubai iliyotandazwa kakao, anachambua punje mbovu. Phinées alikuwa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili wa bâche. Karibu naye palikuwa na sahani ya fufu na sombe, haijaguswa, nzi wameikalia.

"Dada, afazali umekuya," Virginie alimwambia Séphora. "Kaka yako eko hapa tangu asubui na haseme kitu. Anaanza kuniogopesha."

Séphora alichuchumaa kando ya kiti. "Yaya, twende kwetu."

Phinées alitikisa kichwa. Aliitazama kakao, si wao, na akaanza kusema kana kwamba anaendeleza maneno aliyokuwa nayo mdomoni siku nyingi.

"Risasi ilipolia, tuliruka gari. Delphin alitaka tubaki mu mufereji, pembeni ya barabara. Ni miye nilikataa. Kulikuwa nyumba moja ya kukausha kakao, bashofere bote tulikuwa tunaijua. Tulikuwa tunaambianaka, siku moja kukiwa shida, tukimbilie kule nyuma. Nilimuvuta mukono. Alikuwa anasema hapana, Phinées, na miye namuvuta." Aliokota punje iliyodondoka, akairudisha kwenye bâche. "Balikuwa banne. Bamekaa kule nyuma, banangojea. Balijua tutakuya. Delphin alikuwa mbele yangu juu alikuwa anajua kukimbia kunipita. Bakamukamata yeye. Nilibasemesha, hawakunisikia. Kisha nikakimbia."

Mikono ya Virginie ilikuwa imesimama ndani ya kakao.

"Miaka mbili," alisema. "Miaka mbili nafikiri alikufia ku gari, hata hakuelewa kitu. Juu ya nini ulinyamaza?"

"Niliogopa, Mama Tamar. Niliogopa utaniangalia namna ile mutu aliniangalia."

Virginie aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Walimsikia analia, kisha wakawa hawamsikii. Aruna alisimama langoni akizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni. Hakuna aliyejua waondoke au wabaki. Kuku mmoja alipanda juu ya bâche, na Phinées ndiye aliyeinuka kumfukuza, kwa upole, kisha akapiga magoti na kuanza kuchambua zile punje mbovu zilizobaki.

Virginie alitoka macho yamevimba.

"Nakukasirikia, Phinées," alisema. "Nakukasirikia sana, na sijue kama itaisha. Mais utarudia hapa. Tamar anauliza baba yake alikufa namna gani, na miye sina mudomo ya kumuambia. Utamuambia weye."

"Nitamuambia," alisema Phinées.

Walilala Beni kwa ndugu wa Aruna, wakarudi Butembo kesho yake nyuma ya msafara wa malori.

Jioni ile ile Séphora alifungua kumbukumbu ya Bakimya. Mistari ilipangwa vizuri, mahali na hesabu. Phinées alikuwa amejificha nyuma ya sayari ya njano mara arobaini na moja. Machine haikuwa imejua kitu. Ilihesabu tu, kama alivyomwambia, na hilo halikumtuliza hata kidogo. Alifuta yote, kisha akaondoa sehemu nzima ya kukumbuka. Sasa Bakimya huwinda bado, kimya vile vile, lakini kila safari inapoanza wamesahau ya jana. Aruna analalamika kwamba wamekuwa wapumbavu.

Phinées hakuugusa tena mchezo. Anafanya kazi kwenye gereji karibu na nyumbani, anafungua injini za malori ambayo hakubali kuyaendesha, na mwezi wa tatu alirudi Mulekera kama alivyoahidi, akaketi na Tamar uani tangu asubuhi mpaka saa sita. Alichomwambia binti yule hakukirudia kwa mtu. Alirudi amechoka, akala, akalala usiku mzima.

Séphora ndiye asiyelala vizuri. Anaendelea kufundisha, anaendelea kuongeza sayari, na watu wachache wa mbali wamemwandikia kwamba wanaupenda mchezo. Lakini akiingia mahali papya, kanisa, ofisi, darasa, macho yake yanatafuta kwanza pale ambapo kila mtu angekimbilia. Akishapaona, anakaa mbali napo.