Bandeji ya Siku Saba

Siku ya kwanza nilipomwona Theopista, alikuwa kwenye majaruba ya mpunga pale Majimoto. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya maji, mwingine ameuweka juu ya tuta, umefungwa kipande cha kitenge cha njano. Aliniita nimpeleke zahanati kwa pikipiki. Njiani sikusema neno.

"Baba, wewe ni dereva au mzigo?" akauliza.

Nilicheka kimoyomoyo hadi tukafika.

Kidonda kilitokana na jembe, miaka mitatu nyuma. Daktari alishamwambia kisipofunga kabla ya mavuno, mguu utakatwa. Naye aliishi peke yake, na mpunga ule ndio ulikuwa chakula chake.

Msimu huo wataalamu walileta bandeji za majaribio. Nesi Specioza alitueleza kwamba zina chembe za dawa ndogo mno, hata unywele ni gogo mbele yake, zinazotoka polepole na kuua vijidudu. Akamfunga Theopista moja. Sharti lilikuwa moja: kwa siku saba isifunguliwe, isilowe.

Lakini kwetu, tangu utoto, kidonda huoshwa kwa maji moto ya chemchemi. Siku ya nne Theopista akaniambia, "Niletee dumu moja, kinawasha." Nilijua si sawa. Nikaona haya kumkatalia mtu mzima, nikaleta.

Siku ya saba Specioza akaitazama ile bandeji.

"Mama, umefungua ukaosha! Anayevunja sharti tunamtoa."

Theopista akainama. Mimi, ambaye hata kanisani naona haya kusoma mbele ya watu, nikasikia sauti yangu: "Maji nilileta mimi."

Specioza akatoka nje kupiga simu kwa wakubwa wake. Aliporudi aliandika yote kwenye daftari, akafungua bandeji mpya.

"Wamekubali, tuanze upya. Na wewe kaka, dumu lako kanyweshee ng'ombe."

Kidonda kilifunga kabla ya mavuno. Alivuna kwa mikono yake.

Sasa hayupo, amezikwa Sibwesa alikohamia kwa binti yake Dafrosa. Nikipita majaruba yale, macho bado yanatafuta kile kitenge cha njano. Siku anahama nilimfikisha stendi, nikataka kushuka nimshike mkono hadi kwenye gari.

"Kaa hapo hapo, baba," akasema. "Leo nitazame nikitembea."