Kisamvu cha Nkowe

Si kweli, kama wanavyosema sokoni Ruangwa, kwamba Mwalimu Hajra alimlisha mdogo wake sumu ya panya. Vidonge alivyompa Harithi, mdogo wake huyo, viliandikwa na daktari, kwa sababu moyo wake ulidunda ovyo, mara mbio, mara unasita, na damu inayozubaa ndani ya moyo wa namna hiyo huganda. Donge moja lilishuka likaziba mshipa wa mguu. Vidonge vilizuia mengine. Kwamba dawa hiyo huua panya pia, ni kweli. Wembe unaokata kitovu hukata na koo.

Miezi minne Harithi alikaa kwa dada yake Nachingwea, damu ikipimwa, mboga za majani akila kwa kipimo kilekile, maana zikizidi huishinda dawa. Ufuta ulipokomaa akaomba kwenda Nkowe kwa Sikuzani, kitinda mimba wao. Hajra, mjane wa mratibu elimu, hakutaka isemwe kwamba ukoo wao una ugonjwa wa moyo. Akamwambia Sikuzani, "Ilikuwa malaria tu, anamalizia dozi." Harithi naye akaitunza siri kama alivyoagizwa, akala kila alichopakuliwa.

Siku ya kumi na mbili simu ikaita. "Dada, mguu wa kaka umekuwa baridi kama wa maiti!"

Hajra alidandia bodaboda, mlango ameuacha wazi.

"Kaza mwendo!"

"Mama, nikikaza zaidi tutafika vipande vipande."

Hakucheka. Nkowe alikuta sufuria jikoni.

"Anakula nini huyu?"

"Kisamvu cha karanga, asubuhi na jioni. Malaria si inamaliza damu? Nilitaka irudi."

Hajra akajua majani yameishinda dawa, akamkimbiza Harithi hospitali. Hospitalini Harithi alichomwa sindano ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Hajra akawa hakai. Anatoka, anarudi, anaugusa mguu: baridi. Anatoka tena, anarudi: baridi. Alasiri ukaanza kupata joto. Mguu ulibaki, kidole gumba kilikatwa wiki iliyofuata.

Sikuzani alimfuata Hajra uani mwa hospitali, macho mekundu. "Dada, majirani wanasema nimemwangamiza kaka kwa mboga."

"Waambie ulimpikia kwa nia njema. Kosa si lako."

"La nani, basi? Kwa nini ulinificha?"

Hajra alikaza ushungi wake.

"Hilo sitalijibu, Sikuzani. Si kwako, wala kwa mwingine."